Chumba cha Lenzi ya Hamsini

Mwezi uliopita, asubuhi ya siku iliyotangulia maziko ya tantine Concessa, dada wa mama yangu, mjomba tonton Gervais alisimama katikati ya sebule yetu akiwa na simu za watu mkononi, moja juu ya nyingine kama mtu anayegawa sahani, akauliza: "Sasa picha ya kubeba mbele iko wapi?" Kwetu Bujumbura jeneza halitangulii lenyewe. Mbele unakwenda msalaba wenye jina, na kando ya msalaba anakwenda mtu aliyebeba fremu yenye sura ya marehemu, ili hata aliyesimama barabarani na mzigo wake ajue anamvulia nani kofia. Tantine ndiye aliyekuwa akitengeneza picha hizo. Nusu ya wafu wa mtaa wa Nyakabiga wamekwenda makaburini nyuma ya fremu zake, na yeye mwenyewe sasa alikuwa amelala kwenye chumba baridi cha hospitali bila fremu. Simu zilizunguka. Kwenye moja alikuwa arusini, kichwa kimefunikwa na kofia ya mwanamke wa mbele. Kwenye nyingine binti wa jirani alimshika begani na kunyoosha mkono, wakapigwa wote wawili kwa karibu, na tantine akawa pua tupu. Mama alishika simu hiyo, akaitazama, akairudisha haraka kama imemchoma. "Huyu si dada yangu," alisema. "Dada yangu hakukuwaka na pua kama hii." Tonton akasema kwa sauti ya chini kwamba watu watalia tu, hawatapima pua. Mimi nilikuwa kwenye kona, nimekalia kreti ya fanta. Picha ilikuwepo. Nilikuwa najua ilipo, najua nani aliipiga na kutoka wapi. Nilishindwa tu kufungua mdomo.

Nina miaka kumi na nane, na najua huu si umri wa mtu kukaa na kuandika kumbukumbu. Wanaoandika kumbukumbu ni wazee wenye pensheni. Lakini kusema siwezi. Shuleni mwalimu akiuliza swali, nilikuwa najua jibu na nalimeza, namwacha mwingine alikosee kwa sauti kubwa. Usiku wa msiba watu hushikana mikono na kusimuliana marehemu alivyokuwa. Mimi mkono wangu ulishikwa na sikusimulia kitu. Kwa hiyo naandika hapa nilichopaswa kusimulia, nacho ni mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka kumi na sita, ambao kila Jumamosi na kila alasiri isiyo na masomo niliupitisha ndani ya chumba kimoja.

Chumba hicho kilikuwa Nyakabiga, kati ya kinyozi na mama aliyeuza mkaa kwa ndoo. Ukiingia kutoka barabarani, pazia la buluu lilikuwa mkono wako wa kushoto, buluu ya mbinguni kama tantine alivyoiita, ingawa jua lilikuwa limelifubaza mpaka likafanana na shati la shule. Mbele ya pazia kulikuwa na benchi lenye kitambaa chekundu. Ukutani upande wa pili kulikuwa na mlango wa kwenda uani, nao ulikuwa umefungwa miaka yote kwa sababu kamera ilisimama pale mgongo ukiugusa. Sakafuni, kwa rangi nyeupe ya mafuta, tantine alikuwa amechora nyayo mbili mahali pa mteja kusimama, na nukta tatu mahali pa miguu ya tripodi. Kila kitu kilipimwa mara moja, siku ya kufungua studio, hakikupimwa tena. Mteja anakanyaga nyayo, tripodi inakanyaga nukta, tantine anabonyeza. Alikuwa anaweza kupiga picha huku anagombana na mtu aliye barabarani. Na lenzi, objectif kama alivyoiita, ilikuwa moja tu, ya milimita hamsini, nzito, yenye mkwaruzo kwenye ukingo, ambayo aliifuta kwa kitambaa cha pamba kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai. "Zingine ni za batu banaopenda kuchagua," alisema. "Mi nilishachagua."

Mchana tulikula mle mle, tumekalia benchi jekundu lililotandikwa taulo. Chakula kilitoka kwa Maman Shukuru, mama wa Uvira aliyekaa kwenye ua wa nyumba hiyohiyo na kukaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye mbabula yake ya mkaa nyuma ya ule mlango uliofungwa. Alikuwa anazungukia barabarani kutuletea, anafika amekasirika. "Mulango uko hapa hapa, hatua mbili, na mi nazunguka nyumba kama mupelelezi!" Tantine anamjibu bila kugeuka: "Ule mulango ukifunguka, moshi yako itaingia mu objectif yangu." Ubugali wa moto, ndagala zenye pilipili, mboga ya lengalenga siku za bahati. Mwanzoni mwa mwaka ule tantine alikuwa anamaliza sahani yake na kuomba vichwa vya ndagala kwenye yangu.

Kisha kamera kubwa ikafa. Kile kipazia kidogo cha ndani kinachofunguka na kufunga kilikwama katikati ya picha za kitambulisho za darasa zima, na fundi wa mtaa wa Asiatique, baada ya kukifungua kwa bisibisi yake nyembamba, alitikisa kichwa kama daktari. Alimpa tantine kamera nyingine iliyokwisha kutumika, nyepesi zaidi, ya kampuni ileile, ili lenzi yake iingie. Iliingia, ikalia kle! kama zamani. Tantine alifurahi njia nzima. "Objectif ni ileile," aliniambia, "hamusini ni hamusini. Mwili tu njo umebadirika."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, ikaja familia ya mzee Salvator, wanawake wamevaa imvutano, mavazi yao ya sherehe, wanaume makoti, na bibi kizee mama yake wakamweka pembeni kabisa kwenye kiti kwa sababu hawezi kusimama. Tantine aliweka tripodi kwenye nukta, akatazama, akakunja uso. "Songeni," alisema. Wakasonga. "Songeni tena." Kijana mmoja akalalamika: "Tantine, tukisonga zaidi tutapandana." Alipiga. Picha ilipochapishwa, mzee Salvator aliigeuza mbele na nyuma. "Concessa, mama yangu iko wapi?"

"Huyu hapa pembeni."

"Hii ni kiwiko."

"Ni kiwiko yake, baba."

"Nimelipia mama muzima," alisema mzee, na hakuwa anatania, maana yule bibi alikuwa na umri ambao familia haina uhakika wa picha ya mwaka ujao.

Wiki nzima tantine aliamini kwamba mwashi aliyeziba nyufa za sakafu alikuwa amechora upya zile nukta na kuzisogeza. Alipima chumba kwa unyayo, kisigino kwenye kidole, kutoka pazia hadi ukuta, kisha akanipimisha mimi, kisha akamwita mwashi mwenyewe, ambaye aliapa kwa watoto wake. Maman Shukuru alikuja na sahani akatukuta wote watatu tumeinama. "Labda chumba hakipungui," alisema. "Labda ni batu bamenona."

"Nyakabiga hii?" tantine alisema. "Banone kwa kula nini?"

Niliyeona kitu kidogo nilikuwa mimi, lakini nilikiona nusu. Shuleni tulikuwa tumefanya lenzi: unaishika mbele ya karatasi, unaivuta na kuisukuma, mpaka dirisha linatokea juu ya karatasi likiwa kichwa chini. Umbali ule kutoka lenzi mpaka karatasi, kitu cha mbali kinapoonekana wazi, ndio fokali yake. Kwa hiyo hamsini ilikuwa ni milimita hamsini za kweli, kama nusu ya kidole changu kirefu pamoja na ukucha, hivi nilivyodhani kabla ya kupima. Si cheo, si nguvu. Hilo nililijua kwa kichwa. Nililiandika kwenye kikaratasi, nikakiweka chini ya kikombe cha chai cha tantine, kwa sababu kumwambia kwa mdomo kwamba hamsini haihusiani na chumba kulinishinda. Alikisoma. Hakucheka. Akasema, "Ma fille, funga pazia ya dirisha. Tuone."

Alifungua ule mlango wa uani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Bawaba zililia. Chumbani kulikuwa giza na uani kulikuwa jua kali la saa saba, na katikati ya jua hilo Maman Shukuru ameinamia mbabula, pembeni yake madumu ya maji ya manjano, upande wa pili kamba yenye nguo za watoto. Tantine aliichomoa lenzi kutoka kwenye kamera, akaishika kwa vidole kama anayeshika yai, na mimi nikashika nyuma yake kipande cha karatasi nyeupe alichokikata kwa kipimo cha kile kibamba cha ndani cha kamera iliyokufa, kile kinachopokea mwanga na ambacho mafundi wanakiita capteur. Kilikuwa kama stempu kubwa ya posta. Nilivuta, nikasukuma, na ghafla uani kote kukaja juu ya karatasi: Maman Shukuru mdogo kama njugu, kichwa chini, na mbabula, na madumu, na nguo zinapepea kuelekea chini kwenye mbingu. Nilisahau kuwa mimi ni mtu wa haya, nikapiga kelele. Maman Shukuru aliuliza kwa sauti tunafanya nini. Tantine akamwambia.

"Munaniweka kichwa chini?" alipiga yowe. "Damu itanijaa mu kichwa! Munigeuze!"

Kisha tantine alikata karatasi ya pili, kwa kipimo cha capteur ya kamera mpya. Ndogo zaidi, kila upande umepungua theluthi hivi. Niliishika mahali palepale. Maman Shukuru alikuwa palepale, ukubwa uleule, njugu ileile. Lakini madumu hayakuwepo na nguo hazikuwepo. Zilikuwa zinaangukia hewani, pembeni ya karatasi, kwenye vidole vyangu. Niliona kabisa: kidole changu cha gumba kilikuwa kimevaa kaptula ndogo ya mtoto, nyekundu, kichwa chini.

Tulitazamana. Naikumbuka sana dakika hiyo, kwa sababu katika maisha yangu vitu vichache nimevielewa wakati uleule na mtu mwingine. Lenzi haikuwa imebadilika. Ilikuwa inamwaga picha ileile, duara lilelile, kama mtu anayemimina uji kwa mkono usiotikisika; sahani ndiyo iliyokuwa ndogo, na uji wa pembeni ulimwagika. Mama wa mzee Salvator alikuwa ameingia kwenye lenzi mzima, na kiti chake, na fimbo. Alikosa pa kuangukia. "Kumbe," tantine alisema polepole, "hamusini iko inaona kama sabini na tano, na chumba changu ni cha hamusini." Akatazama zile nukta nyeupe alizozilaumu wiki nzima. "Maskini mwashi."

Kununua lenzi nyingine, yenye fokali fupi, hakukuwezekana mwaka ule. Kilichobaki ni kurudi nyuma. Nyuma ya tripodi kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na mbabula ya Maman Shukuru. Basi kuanzia siku hiyo, kila familia ilipokuja, nilikuwa nafungua mlango wa uani na kupiga kelele ile niliyokuwa naionea aibu kuliko zote, "Familia!", na Maman Shukuru anahamisha sufuria zake huku akitusi kwa Kifulero, lugha ya kwao, tantine anaweka tripodi uani kati ya madumu, na watu wanapigwa picha kupitia mlango, wako kule mwisho kwenye pazia la buluu. Picha zilinuka samaki, hata zilipokauka, wateja waliapa. Mama wa mzee Salvator alibebwa tena. Safari hii aliingia mzima, na alipoletewa picha aliishika karibu na macho muda mrefu akasema: "Uyu njo mimi. Ile nyingine ya simu ya wajukuu, ilikuwa ni muke mwingine." Wazee wengi walisema hivyo mwaka ule. Walijiona wazuri, wakadhani ni kamera mpya.

"Apana kamera," tantine aliniambia tukiwa tunakula. "Unajua juu ya nini?" Nilitikisa kichwa. Akaukaribisha uso wake kwenye wangu mpaka nikaona pua yake tu na vishimo vyake. "Sasa niko namna gani?" Nikasema pua. Akarudi nyuma mpaka kwenye pazia. "Na sasa?" Akawa tantine. "Mutu akikupiga na simu, mukono yake ni mufupi. Pua iko karibu na simu, masikio iko mbali, donc pua inakula uso. Ukirudi nyuma, pua na masikio vinakuwa mbali sawasawa. Objectif haibadirishe sura ya mutu. Ni miguu yako njo inabadirisha." Akarudi kukaa. "Ukishasimama pale penye kusimama, kata unavyotaka. Ukate na capteur, ukate na makasi, sura ni ileile. Ila usikate wakati uko karibu. Pale unakata uongo."

Aliposema hayo sahani yake ilikuwa bado imejaa. Sikuona. Nasema kweli, nilikula ndagala zake na nikashukuru.

Jambo lenyewe nilikuja kulijua masika yalipoanza, na si kwa macho. Kulikuwa na mvua, wateja hawakuja, na mimi nilikuwa kwenye kompyuta ya chumbani nakata sura ya marehemu mmoja kutoka kwenye picha ya ubatizo, nyuma ya mlango uliokuwa nusu wazi. Wao wawili walikuwa wamekaa chini ya bati la uani, wanachambua mchele. Maman Shukuru alisema, "Walikuambia nini kule ku hospitali?" Tantine alisema, "Walisema kiko kinakua." Nilisikia mchele ukipepetwa. "Mu tumbo?" "Mu tumbo. Watapasua, halafu tutaona." Kisha Maman Shukuru akamwambia jambo ambalo kwa miaka hii miwili limenikaa kichwani kwa sauti yake hasa, sauti ya kugombeza: "Basi ujipige picha sasa, Concessa. Sasa wakati mashavu bado yapo. We unajua kuliko mi. We uko unaona vile banakuletea picha za batu bamekwisha, unabaki kuwatafutia mashavu mu kompyuta."

"Wiki ijayo."

"Wiki iliyopita ulisema wiki ijayo."

"Nani atanipiga? Nikiwa mbele, nani ako nyuma?"

"Mutoto ako ndani."

"Mutoto asijue," tantine alisema, na mchele ukapepetwa tena.

Mtoto alikuwa amejua. Alikaa mbele ya sura ya mfu wa watu, hajui aweke wapi mikono. Mtu mwingine angetoka, angemkumbatia, angeuliza. Mimi nilikuwa namtazama tu kila Jumamosi: kitenge kinafungwa mahali pengine kiunoni, kola ya blauzi inaanza kuwa kubwa, mfupa wa shavu unatokea upande wa kushoto kwanza, na wiki ijayo inasogea. Nilikuwa najifunza maneno njiani kutoka shule, "Tantine, keti nikupige", maneno matatu tu, nikifika kwenye duka la mkaa yanakauka. Jumamosi moja kinyozi jirani alimwambia kwa utani, "Concessa, unafanya régime ya kukonda?", tantine akacheka, na nikaona kwamba kicheko hakikupata shavu la kukunja kama zamani. Hofu ya kusema ilikuwa kubwa, lakini ile nyingine sasa ilikuwa kubwa zaidi.

Tulikuwa tunakula. Nilisema nikiwa nimeitazama ndagala. "Tantine, keti nikupige."

Aliacha kutafuna. Uani Maman Shukuru naye aliacha kukoroga. Mlango ulikuwa wazi siku zote sasa. "Wapi?" tantine aliuliza hatimaye.

"Kwenye nyayo. Mi nitatoka inje, mpaka ukutani. Mbali."

"Umesikiaka ile siku," alisema. Hakuwa anauliza. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Alisafisha vidole vyake kimoja kimoja. "Bon. Lakini mi peke yangu sisimami. Nimewasimamisha batu miaka yote hapa, najua mutu akisimama peke yake anafanya sura ya kitambulisho. We unasimama na mi."

Nilisema apana. Mimi sipigwi picha. Kwenye picha za shule mimi ni yule aliyeinama kufunga kiatu. "Basi hakuna picha," tantine alisema, akaendelea kula, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, ili kunionyesha kwamba anaweza kungoja kuliko mimi. Maman Shukuru akapiga kelele kutoka uani: "Ingia mu picha we mutoto, nani atakula wewe?"

Niliweka tripodi kwenye ukuta wa mwisho wa uani, kati ya madumu na kamba ya nguo, mbali kuliko tulivyowahi kufika. Nilimwonyesha Maman Shukuru kitufe. Akafuta mafuta mkononi kwenye kitenge chake mara nyingi, akashika kamera kama mtu anayeshika mtoto wa wenyewe. Tantine alijipaka mafuta usoni, akavaa blauzi yake nyeupe yenye lesi, akakanyaga nyayo zake mwenyewe. Nilisimama ukingoni, pale nilipojua karatasi ndogo inaishia. Alinitazama miguuni. "Pale unasimama ni inje," alisema. "Nilikufundisha nini?" Akanyoosha mkono wa kulia, akanizungushia begani, akanivuta mpaka kichwa chake kikagusa changu. Alinukia mafuta ya mgando na samaki. "Ingia," alisema, "usibaki inje." Kule mwisho Maman Shukuru alikuwa anahesabu kwa Kifaransa na kukosea hesabu, tukacheka, akabonyeza.

Walimpasua baada ya mavuno ya maharage. Chumba kilifungwa, kikafunguliwa wiki chache, kikafungwa. Kabla ya mwaka kwisha kilikuwa ni cha mtu wa kuuza simu. Aliweka vigae juu ya nyayo na nukta. Tantine alihamia kwetu, kwenye chumba cha nyuma, na kuanzia hapo mtu akitoa simu alikuwa anageukia ukutani. Mashavu hayakurudi. Siku nyingine nilimletea ile picha kwenye kompyuta, akaitazama kwa umbali wa mtu wa kazi, akasema, "Maman Shukuru alishika sawa. Imelala kidogo upande wa madumu, lakini sawa." Hakusema ni ya nini. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Kwa hiyo asubuhi ile, nikiwa nimekalia kreti ya fanta, nilipomsikia tonton Gervais akisema, "Tuchukue hii ya pua, sura iko kubwa, itaonekana hata na walio nyuma," nilisimama. Watu wote waligeuka kwa sababu sijazoeleka kusimama. Nilisema kwamba iko picha nyingine. Tonton aliitazama kwenye kompyuta, akasema ilipigwa mbali, mtu anaonekana mdogo kama njiti, na tena wako wawili. Nilimwambia kwamba mbali ndiyo uzuri wake. Kwamba tukikata sura tu itakuwa ndogo na itapungua ung'avu, lakini itakuwa sura yake, kama vile tulivyokuwa tunamwona akiwa ng'ambo ya uani, na ile ya simu hata ukiipanua itabaki uongo. Niliongea labda dakika nzima. Sauti ilitetemeka na niliiacha itetemeke. Mama alisogea, akainama kwenye kioo, akaweka mkono mdomoni. "Uyu njo Concessa," alisema. Hapo tonton akafunga zile simu zote.

Kijana wa duka la kuchapisha, kule Asiatique, alikuwa na haraka, wateja wamejaa. Alifungua picha, akaikuza. "Marehemu ni uyu mwenye lesi?" Nilisema ndiyo. "Na uyu wa pembeni, alishakufa?" Nilisema bado. "Basi lazima atoke. Muzima hawekwi mu fremu ya mufu." Nilijua, nilikuwa nimewatoa wengi kwa mkono wangu, waume, mabibi arusi, watoto wa ubatizo. Alianza kuburuta ule mstari, akauleta kwenye kichwa changu, akasimama. "Bameshikana vichwa. Nikikata hapa namukata na uyu mama. Dada, uyu ni nani yako?" Kisha akanitazama, akatazama kioo, akanitazama tena. Akasukuma kiti nyuma. "Pole," alisema. "Kata wewe."

Nilikata mimi. Nilianzia kwenye bega langu, nikapita juu ya sikio, nikauacha ukingo wa kitenge nilichojitanda begani kwa sababu ulikuwa umeingia chini ya kidevu chake na hakuna atakayejua ni cha nani. Mkono wake sikuuweza. Ulikuwa unatoka kwenye blauzi nyeupe, unapita, na vidole viko begani kwangu. Nilipolitoa bega, mkono ukabaki unaishia ukingoni, umenyooka, hauna pa kutua. Kijana alisema anaweza kuufuta. Nikasema apana.

Kesho yake mvua haikunyesha. Tonton aliuliza nani atabeba fremu, na kwa mara ya pili katika siku mbili nikasema kitu mbele ya watu: "Mimi." Hii ilibebwa na watu wawili, kwa sababu ya maua na utepe, mmoja kila upande. Maman Shukuru alishika upande mmoja. Alipokuwa anaipokea aliitazama muda kidogo, akahesabu kimyakimya kwa midomo yake, akakosea kama siku ile. Mimi nikashika upande wa pili, ule mkono wake unakoishia ukingoni, nikaegemeza fremu begani, na hivyo ndivyo tulivyoshuka naye Nyakabiga, tukapita mbele ya duka la simu, na watu wakavua kofia.